Chai ya rozela na matunda haikukaa sawa? Angalia kabla ya barafu

Kuanzia Juni mpaka Septemba Mwanza huwa kavu. Mawe ya Igogo na Mabatini hushika joto mpaka jioni, na mtu aliyetoka juani hana hamu ya chai ya maziwa. Anataka kitu cha baridi chenye uchachu na harufu ya matunda. Ndipo chai ya rozela inapostahili nafasi yake mezani: rozela kavu (wengine huiita choya), vipande vya nanasi au embe lililokaushwa, mchaichai, ganda la chungwa na tangawizi kidogo. Haina majani ya chai, kwa hiyo haina kafeini, na watoto wanaweza kuinywa jioni wakalala vizuri.

Shida huanza pale mtu anapoionja ikiwa tayari imepoa. Anaikuta nyepesi, au chungu, au imegeuka rangi, naye anaanza kuitibu ndani ya glasi: sukari iongezwe, ndimu ikamuliwe, barafu iongezwe tena. Karibu kila hitilafu ya kinywaji hiki huwa imeshaingia kabla barafu haijaguswa. Iliingia kwenye maji, kwenye sufuria, kwenye kipimo, kwenye muda, au kwenye kabati ulimohifadhi mchanganyiko wako. Kwa hiyo ukiona dalili, rudi nyuma hatua kwa hatua.

Ili tuelewane, msingi wangu kwa lita 1 ya chai iliyokamilika ni huu: kiganja kilichojaa cha rozela kavu (gramu 15 hadi 20), vijiko viwili vikubwa vya matunda makavu yaliyokatwakatwa, majani matatu ya mchaichai yaliyofungwa fundo, ukanda mmoja wa ganda la chungwa na vipande vichache vyembamba vya tangawizi. Maji ya moto ni nusu lita tu. Nusu iliyobaki ni barafu na maji ya baridi yaliyochemshwa.

Rangi imekolea lakini ladha hakuna

Hili ndilo lalamiko linalosikika zaidi. Jagi linavutia kwa wekundu, lakini ukinywa unakuta maji yaliyosuuza bakuli la matunda.

Rangi ndiyo inayowadanganya watu. Rozela huachia wekundu wake mara tu maji ya moto yanapoigusa. Ndani ya dakika moja unaona birika limejaa damu ya mzee na unadhani kazi imekwisha. Uchachu wake huchelewa kidogo, na matunda makavu huchelewa zaidi, kwa sababu maji lazima kwanza yapenye, yakilainishe kipande, ndipo utamu na harufu vitoke. Tazama kipande cha nanasi kavu ndani ya birika: kwa dakika tano za mwanzo bado kigumu na kingo zake zimejikunja. Kikianza kuvimba na kung'aa, ndipo kinaanza kukupa kitu. Usichuje kabla ya dakika 10. Kama vipande ni vikubwa, vikate viwe saizi ya punje ya hindi.

Sababu ya pili ni barafu. Barafu ni maji, na itayeyuka. Ukitengeneza chai ya kiasi cha kunywa moto kisha ukaijazia barafu, umeikata nusu. Chai ya kunywa baridi lazima ikiwa bado moto ikushinde kidogo kwa ukali. Tena ulimi hausikii utamu vizuri kwenye kitu cha baridi sana, na harufu nayo hairuki. Ndiyo maana kipimo changu kina maji ya moto nusu lita, si lita nzima.

La tatu ni la mahali tulipo. Uso wa Ziwa Victoria uko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, na kwa kimo hicho maji huchemka kwenye nyuzi 96 hivi, si 100. Tofauti si kubwa, lakini ukichemsha, ukazima, ukatafuta chujio, ukajibu simu, kisha ndipo umimine, maji yameshashuka sana. Mimina yanapotokota, na ufunike hapohapo. Kifuniko kina kazi mbili: kinatunza joto, na kinazuia mafuta ya mchaichai yasipotee hewani. Ukiingia jikoni ukasikia harufu nzuri ya mchaichai imejaa chumba kizima, ujue hiyo ndiyo iliyopaswa kuwa ndani ya glasi.

Kama yote hayo yako sawa na bado ni nyepesi, rozela yako imechakaa. Sokoni usiogope kuuliza.

"Mama, rozela hii ni ya lini?"

"Ya msimu huu, mwanangu. Onja."

Onja kweli. Nzuri ina rangi ya zambarau iliyokolea au nyekundu ya giza, hukunjika kidogo kabla ya kuvunjika, na ukiitafuna uchachu unafika papo hapo. Iliyokaa sana huwa ya kahawia na husagika vidoleni ikawa unga. Ile iliyoanikwa juani siku nyingi nayo hupauka. Kivulini penye upepo ndipo rozela inapotunza rangi.

Chungu, au inakausha ulimi

Kwanza tazama ganda la chungwa. Uchungu haumo kwenye ngozi ya nje yenye mafuta ya harufu, umo kwenye sehemu nyeupe iliyo chini yake. Ukitupa ganda zima ndani ya maji ya moto, uchungu utatoka polepole na kuongezeka kila dakika inayopita. Angalia wauza machungwa wa mtaani wanavyofanya kazi: kisu kinazunguka tunda, utepe mwembamba mrefu unadondoka kwenye beseni, na chungwa linabaki jeupe mkononi. Utepe huo mwembamba ndio unaoutaka kwenye chai. Uvue mwenyewe nyumbani, kutoka kwenye chungwa uliloliosha. Machungwa ya Ukerewe yanafaa sana kwa kazi hii.

Kama hukutia ganda, angalia tangawizi na karafuu. Karafuu mbili kwa lita zinatosha. Zikizidi zinafunika kila kitu na kuacha ganzi mdomoni. Angalia pia kama umechemsha badala ya kuloweka. Kuna tofauti ya kumimina maji yanayochemka juu ya mchanganyiko na kuweka mchanganyiko wenyewe jikoni utokote robo saa. Njia ya pili hutoa ukakasi ambao sukari haiufuti, na rangi nayo huanza kuelekea kahawia. Na usikamue mabaki kwenye chujio. Yaache yadondoke yenyewe.

Wapo wanaochanganya na majani ya chai ya kawaida. Si kosa, ila majani hayo hayawezi kukaa dakika 10 pamoja na matunda. Yaweke mwishoni, dakika tatu tu.

Kali mno, meno yanakufa ganzi

Rozela ina asidi nyingi kwa asili yake, ikiwamo asidi ileile ya ndimu. Ukiichanganya na ukwaju, pasheni na ndimu kwa pamoja, umeweka vikali vinne ndani ya jagi moja na hakuna kitamu cha kuvituliza. Chagua kikali kimoja kiwe mwenyeji. Kama ni rozela, basi wenzake wawe embe, nanasi lililoiva au papai kavu. Mananasi ya Sengerema na Geita yanayovuka daraja la Kigongo–Busisi, ukiyakausha mwenyewe yakiwa yameiva barabara, yanapunguza ukali kuliko kijiko cha tatu cha sukari.

Kwa jagi ambalo limeshaharibika, ongeza maji ya baridi na vipande vya embe lililoiva ambalo halijakaushwa, uache kwa saa moja. Chumvi kidogo sana, ile inayoshikwa na ncha za vidole viwili, husaidia pia. Usitie magadi wala baking powder kuua ukali. Sababu yake iko hapo chini.

Rangi imegeuka: bluu, kijivu au kahawia

Wekundu wa rozela unategemea uchachu. Ukiondoa uchachu, rangi inahama. Jaribu mwenyewe kwenye glasi moja: mimina chai nyekundu iliyopoa, dondoshea maji ya magadi tone moja moja. Wekundu unafifia, inakuja zambarau ya mashaka, kisha bluu iliyochafuka, na ukiendelea inaishia kijani cha kijivu. Kamulia ndimu, na ukiwahi wekundu unarudi.

Sasa rudi jikoni kwako. Sufuria ileile ilipikiwa maharage au mlenda kwa magadi jana? Jagi lilisuguliwa kwa majivu na halikusuuzwa vizuri? Unatumia maji ya kisima yenye chumvichumvi? Hayo matatu ndiyo ninayoyaulizia kwanza mtu akiniambia chai yake imekuwa ya zambarau. Suluhisho ni kusuuza chombo kwa maji mengi, na kama ni maji ya kisima, kutia tone za ndimu mwanzoni.

Ikiwa rangi imekuwa nzito, karibu nyeusi, na kuna ladha ya chuma, kosa ni chombo cha chuma kilichobanduka enameli au chujio lililoshika kutu. Sufuria za alumini, ambazo karibu kila nyumba inazo, zina shida yake: asidi ya rozela hula alumini, nayo ladha inaingia kwenye chai. Huhitaji kununua vyombo vipya. Chemsha maji kwenye sufuria yako ya kila siku, kisha yamimine juu ya rozela iliyo ndani ya birika la enameli lisilo na pengo, jagi la kioo linalohimili moto, au chombo cha stili. Rozela yenyewe isiguse alumini, hasa isilale humo usiku kucha.

Kahawia bila ladha ya chuma ni ya uzee au ya kuchemshwa kupita kiasi. Hiyo hairudi.

Harufu isiyo yake

Hapa kando ya ziwa kuna harufu tatu za kuzichunguza, na ninazipanga kwa jinsi zinavyojitokeza mara nyingi.

Ya kwanza ni dagaa. Mimea mikavu hunyonya harufu ya kilicho karibu nayo, na nyumba nyingi za Mwanza zina dagaa kabatini. Mfuko laini wa plastiki hauzuii kitu. Ukiweka rozela na mchaichai kwenye mfuko wa namna hiyo, rafu moja na dagaa wa Kirumba, baada ya wiki moja chai yako itakuwa na kitu cha ziwa ndani yake ambacho hakuna tangawizi itakayokificha. Tumia chupa ya kioo yenye kifuniko cha kukaza, au kopo la bati lililooshwa likakauka. Kabati liwe tofauti. Na ukinunua sokoni, nunua kwa muuzaji wa viungo au nafaka, usinunue kwenye meza inayopakana na samaki wakavu. Mchanganyiko uliokwisha kushika harufu hiyo, uanike kivulini kwenye ungo nusu siku. Ikibaki, achana nao.

Ya pili ni klorini. Maji ya bomba la jiji hutoka ziwani, husafishwa na kutiwa klorini, na ni jambo jema yanatiwa. Lakini klorini na mimea yenye harufu nyororo havipatani: hutoa ladha ya dawa. Chemsha maji bila kifuniko kwa dakika chache, harufu itaondoka na mvuke. Kifuniko kinarudi kazini baada ya kumimina kwenye mchanganyiko.

Ya tatu ni moshi. Mkaa ambao haujashika vizuri, au kuni mbichi, hutia moshi kwenye maji yaliyo wazi. Subiri jiko liwake sawasawa.

Imekuwa na ukungu, au kuna tope chini

Mara nyingi haina madhara. Embe, nanasi na machungwa vina pektini, ile ile inayogandisha jemu, nayo ikipoa huifanya chai ionekane na ukungu. Tangawizi iliyotwangwa huachia wanga unaotua chini. Iliyokatwa vipande vyembamba haifanyi hivyo sana. Kama umechanganya na majani ya chai ya kawaida, kuipoza ghafla nako huleta ukungu. Iache ipoe yenyewe kwanza ndipo iingie kwenye friji, na uichuje kwa kitambaa safi cha pamba.

Tope linalokwaruza ulimi ni mchanga. Rozela iliyoanikwa chini hubeba mchanga kwenye mikunjo yake. Suuza haraka kwa maji ya baridi yaliyochemshwa, sekunde chache tu, kabla ya kuloweka. Ukiisuuza kwa muda mrefu rangi yote inaishia kwenye sinki.

Maziwa yamekatika

Yatakatika kila mara. Protini ya maziwa hushikana ikikutana na asidi, na rozela ni asidi. Usitafute njia ya kuzunguka. Chai hii haikuumbiwa maziwa.

Sukari imebaki chini ya glasi

Itie chai ikiwa moto, au yeyusha kikombe cha sukari kwenye kikombe cha maji ya moto uweke sharubati hiyo pembeni, kila mtu ajipimie. Asali ya Tabora inapendeza sana na mchaichai, ila itie chai ikiwa vuguvugu ili harufu yake isiungue. Mtoto aliye chini ya mwaka mmoja asipewe asali kabisa.

Aliyekunywa anahisi kizunguzungu, au tumbo linauma

Haya ni mawili tofauti na yote nayachukulia kwa uzito.

Rozela inaweza kushusha shinikizo la damu kidogo. Kwa mtu mzima mwenye afya glasi moja au mbili si tatizo. Kwa mzee anayemeza dawa za presha kila asubuhi, kisha akanywa jagi zima mchana wa jua kali, kizunguzungu si cha kushangaza. Amuulize daktari wake kabla ya kuifanya kinywaji cha kila siku. Mama mjamzito naye asiinywe kwa wingi bila ushauri wa kliniki.

Tumbo mara nyingi linaelekeza kwenye maji. Kuna mtindo mzuri wa kuloweka mchanganyiko kwenye maji ya baridi usiku kucha. Chai inayotoka ina ukakasi mdogo na harufu ya matunda iliyo wazi zaidi. Naupenda. Lakini maji ya ziwa yaliyochotwa ufukweni, au maji yoyote usiyoyaamini, hayawi salama kwa sababu yamekuwa mekundu na machachu. Homa ya matumbo na kipindupindu hupitia humo. Yachemshe mpaka yatokote kwa dakika nzima, yapoze yakiwa yamefunikwa, ndipo uloweke, tena ndani ya friji, kwa muda wa saa nane hivi. Barafu nayo ni maji: igandishe mwenyewe kwa maji yaliyochemshwa. Mimea iliyoanikwa mahali pa wazi pia hubeba vijidudu vyake, kwa hiyo kama huna friji usitumie njia ya baridi kabisa. Loweka kwa maji yanayochemka.

Jagi lifunikwe muda wote. Wale wadudu wadogo wanaopanda kutoka ziwani kwa makundi na kufuata taa za baraza usiku hawaumi, lakini wakiingia kwenye jagi lililo wazi utamwaga lita nzima.

Inatoa povu, kifuniko kinajifyatua

Imeanza kuchacha. Matunda na sukari vimepata hamira ya asili na joto la kutosha. Chupa ikitoa gesi, ikinuka pombe au ikiwa na utando juu, mwaga. Usiichemshe upya kwa kuionea huruma sukari iliyomo. Osha chupa na kifuniko chake kwa maji ya moto na sabuni, hasa mpira wa ndani ambako mabaki hujificha.

Chuja matunda yote kabla ya kuhifadhi. Kipande cha nanasi kinachoelea kinapendeza kwenye glasi, ila kikilala kwenye chupa ndicho kinachoanzisha uchachu. Ndani ya friji inayofanya kazi sawasawa, chai iliyochujwa ikafunikwa hukaa siku mbili hadi tatu. Umeme ukikatika usiku mzima, inywe asubuhi ileile kama haina dalili yoyote, au iache. Nje ya friji, kwenye joto la mchana, tengeneza ya kumalizika siku hiyohiyo.

Bila friji bado unaweza kuinywa ikiwa na ubaridi mzuri. Mimina chai iliyochujwa na kupoa kwenye chupa ya kioo, izamishe mpaka shingoni ndani ya mtungi wa udongo wenye maji, na uweke mtungi kivulini mahali upepo wa ziwa unapopita. Maji hupenya kwenye udongo, hukauka juu ya uso wake, na kukauka huko ndiko kunakopoza kilichomo. Kiangazi ndiyo wakati wake, kwa sababu hewa ni kavu. Wakati wa masika mtungi hupoza kidogo tu. Kama huna mtungi, funga chupa kwa kitambaa cha pamba kilicholoweshwa, uiweke dirishani kivulini, na kitambaa kikikauka ukiloweshe tena.